Arot na Neno Nililolikata Kitabuni

Mpwa wangu Arot,

Ejok? Nakusalimu kwa mazoea tu, najua hutaniitikia. Namba yangu umeifunga. Simu ya mama yako, ukisikia ni mimi ninayeongea, unakata. Juzi nimeazima simu ya mwenye duka la spea hapa karibu na stendi ya Lodwar, ukapokea vizuri kabisa, "Hello," sauti ya mtu aliyesoma. Nikasema, "Ni mjomba." Mwenye simu ananiangalia, mimi naangalia barabara, wewe huko Kakuma unapumua tu kama mtu amebeba maji. Nikamrudishia simu yake nikamwambia mtandao ni mbaya.

Basi naandika wazi, na naituma hii kwenye kundi la ukoo, ipite kwenye kila simu mpaka ikufikie. Wengine wataisoma kabla yako na watacheka. Wacheke. Lile kosa la Kiingereza nililifundisha mbele ya watu, siwezi kulifuta kwa siri. Kuna watoto Lorugum walioligeuza wimbo, wanaliimba hadi leo na kusema limetoka kwa mjomba wa Arot.

Wasiotujua niwaambie. Arot ni mtoto wa dada yangu Nakiru. Alizaliwa njiani, ndiyo maana ya jina lake, mama yake akiwa anatoka Lorugum kwa miguu kwenda hospitali. Mimi ndiye niliyewabeba mpaka Lodwar, mama na mtoto pamoja, huyu begani na yule mkononi. Dada anasema kulikuwa na lori. Sikumbuki lori.

Ulikuwa darasa la nne, Arot. Nilifika kwenu na ile pikipiki niliyoiunda kwa vipande vya pikipiki tatu, na hilo hakuna fundi wa Lodwar anayeweza kulikana. Nilikukuta umekalia ekicholong ya babu yako, kile kigoda cha wanaume ambacho msichana hapaswi kukigusa, na hakuna aliyekufukuza, kwa sababu ulikuwa umeshika kitabu. Hata babu mwenyewe alikuwa amekaa mchangani. Ukaniuliza bila hata kunisalimu:

"Mjomba, kwa nini 'The goat eats' ina S, na 'The goats eat' haina?"

Mtu mwingine angesema hajui. Mimi neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka mdomoni mwangu. Nilikuwa mwanamume aliyefanya kazi Nariokotome na Wazungu wa kuchimba mifupa ya watu wa kale, mwanamume aliyewahi kumkemea mamba ziwani kwa Kiingereza, "You is very stupid," na mamba akageuza akarudi majini bila kunisahihisha. Ningewezaje kushindwa na herufi moja?

Nikakwambia: "Waingereza ni watu wenye uhaba wa S. Kila sentensi wanaipa S moja tu, kama jerikani moja la maji kwa watu wawili wanaosafiri. Jina likiibeba, kitendo kinatembea mikono mitupu. Jina likiiacha, kitendo kinaibeba."

Ulicheka mpaka ukaanguka kutoka kwenye kigoda. Halafu ukaanza kuijaribu, maana wewe hukuwa mtoto wa kuamini haraka. Boy runs. Boys run. Cook cooks. Cooks cook. Ukafika kwenye zile ndogo zinazosumbua. "Na 'is', mjomba?" Nikasema, "Is ina S au haina?" Ukaangalia juu, midomo ikitembea. The goat is thin. The goats are thin. Was, were. Has, have. Kila mlango ulioufungua, S ilikuwa moja tu ndani. Nikajifanya nakaza breki, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeitunga palepale, Arot, nikiwa nimechuchumaa, na kumbe inafanya kazi. Ukauliza nimeitoa wapi. Nikasema nilipewa na yule profesa wa mifupa, aliyekuwa ananiita mwenzake.

Ukanishika tena. "Sasa katika 'The goat is thin,' mbuzi anafanya nini? Mwalimu anasema kila sentensi ina kitendo."

"Hafanyi kitu," nikasema. "Amekonda tu. Hiyo 'is' ni kamba. Huku umemfunga mbuzi, huku umefunga kukonda kwake, asipotee mmoja akamwacha mwenzake."

Nakumbuka ulivyoandika neno "kamba" pembeni mwa daftari, ukalizungushia duara. Juzi nimemsikia mwalimu mmoja redioni akieleza hayo ya vitendo vya kuunganisha kwa dakika nzima, na hakufikia ile kamba yangu. Hilo nalisema hata leo nikiwa na hasira hivi.

Ulipoleta "children" na "people," nikakwambia hao ni wengi walioimeza S, iko tumboni, ihesabu hivyohivyo. Ulipoleta "I am," nikasema hiyo ni ya mwenye boma, haibebi mizigo. Kila tundu niliziba. Ndiyo kazi yangu, kuziba matundu ya matairi, na kiraka cha mjomba wako hakitoki.

Halafu ikaja ile siku nyingine. Kama ungekuwa umenisahau kabisa, ningefurahi siku hiyo nayo isahaulike.

Ulikuja mbio na kitabu cha shule, chenye muhuri wa shule juu. "Mjomba, hapa wamekosea au wewe umekosea?" Kidole chako kilikuwa chini ya sentensi: "The cattle are grazing." Neno cattle halina S. Are nayo haina. Jerikani limepotelea wapi?

Nilipaswa kusema nini? Kiraka cha tumboni kilikuwepo, ningekibandika tu mambo yakaisha. Lakini hilo neno lilinigusa mahali. Nikaona mtu wa mbali ananifundisha habari za ng'ombe. Nikakwambia: "Cattle ni boma. Boma ni moja. Mali ya baba yako ikiwa malishoni, watu wanauliza iko wapi, hawaulizi ziko wapi. Ni cattle is."

"Lakini kitabu, mjomba."

"Kitabu kimeandikwa na mtu asiye na ng'ombe."

Nikatoa kalamu mfukoni, nikakata "are" mistari miwili, nikaandika "is" juu yake kwa herufi nzito. Ulisimama unaangalia ule wino kama mtu anayeangalia chapa ikichomwa kwenye ngozi.

Mwalimu wenu akaona kitabu cha shule kimechafuliwa. Ukapigishwa magoti asubuhi nzima, na hukutaja jina langu. Jioni ukamwambia mama yako, "Mjomba anajua. Mwalimu ndiye hajui." Nakiru aliponiambia, sikuona aibu. Niliichukua hadithi hiyo nikaenda nayo stendi, nikaisimulia miaka na miaka, jinsi mpwa wangu alivyopiga magoti kwa ajili ya neno langu. Mafundi wenzangu waliniita Mzee wa S. Niliitika.

Ukakua, ukaenda sekondari, ukaenda chuo cha ualimu. Ukanipigia kutoka huko: "Mjomba, nimewafundisha wenzangu S yako, wameipenda." Siku hiyo niliwaambia abiria wote wa gari la Lokichar kwamba chuo kinafundisha kanuni yangu. Mwaka huu ukaitwa Kalobeyei, shule fulani ya kule kwenye makazi ya wakimbizi, jina nitaliacha. Ufundishe somo moja mbele ya mwalimu mkuu, wakuone, ukifaa wakuajiri. Hukulala kwa furaha. Ulinisomea mpango wa somo kwenye simu, mstari kwa mstari: S moja, jerikani, kamba. Mfano wa mwisho, uliouchagua wewe mwenyewe kwa heshima yangu, ulikuwa "The cattle is thirsty." Nikasema, "Safi kabisa."

Mchana ukapiga. Ulisema, "Mjomba, umeniaibisha mbele ya watoto," ukakata. Ukiondoa ile "Hello" ya juzi, ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu.

Sikiliza nilichofanya, maana mama yako hajakuambia yote. Wiki ya tatu ya kukupigia bila kupokelewa, niliacha pikipiki ya mtu imefunguliwa injini, nikapanda gari la Kakuma. Njia nzima nilipanga Kiingereza kichwani. I am the uncle. The matter is serious. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba huyo mwalimu mkuu ametoka juu huko Kitale, kaona msichana wa Kiturkana anafundisha kwa mifano ya mbuzi, akamdharau. Kakuma nikachukua boda mpaka Kalobeyei, jua linachoma, na mtu wa boda akaniuliza kama naenda msibani, sura yangu ilivyokuwa.

Mwalimu mkuu ni mama mmoja mpole, mwenye miwani. Akanipa kiti, akanipa maji. Nikaanza. Nilimweleza mimi ni nani, Nariokotome, profesa, mamba, yote. Alisikiliza mpaka mwisho na hakuangalia saa. Hapo tu ningepaswa kujua kwamba mambo si kama nilivyofikiri.

"Mzee," akasema, "ile S ni yako?"

"Ni yangu."

"Nimeichukua. Naitumia darasa la tano. Watoto hapa wametoka kila mahali, Kiswahili chenyewe kila mmoja na chake, lakini jerikani wote wanalijua."

Arot, nilinyanyuka karibu kichwa kiguse mabati. Nikasema, "Sasa mpwa wangu mmemkataa kwa nini? Kwa ule mfano wake wa mwisho, wa 'cattle'?"

"Hata mimi hilo nimewahi kulikosea," akasema. "Kila mtu anakosea cattle. Ni 'are', mzee, lakini hilo tungelirekebisha kwa chaki dakika moja." Akavua miwani. "Kuna msichana hapa, Nyandeng, wa Sudan Kusini. Aliinua mkono akasema, 'Mwalimu, ni are.' Kwa adabu kabisa. Mpwa wako akasema, 'Kaa chini, ni is.' Mtoto akasema kitabu chake kimeandika are. Ndipo mwalimu Arot akamwambia, 'Kitabu kimeandikwa na mtu asiye na ng'ombe. Wewe umewahi kuwa na ng'ombe?'"

Nilitaka asiendelee.

"Nyandeng akasema, 'Tulikuwa nayo, mwalimu. Mingi.' Akakaa. Darasa lote likainamia madaftari, maana hapa hakuna asiyejua neno 'tulikuwa' linabeba nini. Mpwa wako akachukua mkoba wake akatoka. Sikumfukuza, mzee. Hakurudi kuuliza."

Nilikaa pale na Kiingereza changu chote. Baadaye yule mama, nadhani kwa upole tu, akaniuliza, "Na wewe mzee, una ng'ombe wangapi?"

Nikasema, "Arobaini."

Mdomo huu, Arot. Hata pale. Hata baada ya kusikia habari za mtoto yule, mdomo wangu ulitoa arobaini kama jongoo anavyojikunja, bila kuniuliza.

Basi na ukoo mzima usome. Sina ng'ombe. Siku nilipokikata kitabu chako sikuwa na hata ndama. Wangu walikufa kwa ukame kabla hujaanza shule, mmoja mmoja, kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, na wa mwisho nilimnyanyua kwa mkia siku tatu, ya nne hakunyanyuka. Ndiyo sababu nilikuja Lodwar kuziba matairi. Nariokotome nilikuwa naosha sufuria. Profesa hakuwahi kuniita mwenzake, aliniita "kijana wa maji," na Kiingereza changu nilikiokota mezani nikitoa sahani. Mamba nilimwona, lakini alikuwa mbali na mimi nilikuwa nakimbia. Na shule niliishia darasa la sita, si la nane kama nilivyokuwa nawaambia.

Sentensi ile ya mtu asiye na ng'ombe ilikuwa yangu, na haikupaswa kutoka mdomoni mwako kumwendea mtoto wa watu. Kanuni ya S haikukuumiza. Kilichokuumiza ni kwamba nilikufundisha ukibanwa usirudi nyuma, uzibe tu, umrukie anayeuliza. Nilikuwa na njia ya kukwambia, "Mpwa, hapo sijui, twende kwa mwalimu." Maneno machache hivyo. Nilikuwa na mdomo na muda. Nikachagua kalamu.

Nikitoka Kalobeyei nilipita Kakuma mjini. Nilikuona. Uko kwenye lile duka la vitambaa la mzee wa Kisomali, unapima kitambaa kwa mkono, unawahesabia kina mama kwa lugha zao, kidogo Kiarabu cha Juba, kidogo Kiswahili cha Kongo, unacheka nao. Mzee mwenye duka akakuita kutoka ndani, "Mwalimu, leta ile ya kijani." Anakuita mwalimu. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya lori la mkaa, mpaka dereva akaniuliza kama nanunua. Hatua kumi na mbili hivi za kuvuka. Sikuvuka. Nikarudi Lodwar na vumbi langu.

Sasa niseme na hasira yangu, maana usidhani nimekuja kulia tu. Nimekukasirikia wewe pia. Miaka yote ile ya sekondari, miaka ya chuo, vitabu vimejaa kabati, na hukufungua kamusi hata mara moja uniambie, "Mjomba, ulinidanganya"? Nani alikwambia uniamini hivyo? Mama yako hajawahi kuniamini hata nikisema mvua inanyesha na yeye amelowa. Babu yako alikuwa akicheka kabla sijamaliza kusema. Watu wote wa stendi wanajua neno langu ni la kugawa kwa nne. Wewe peke yako ulilichukua zima, ukalipigia magoti, ukaenda kusimama nalo mbele ya watu. Inanichoma. Natamani ungalinicheka kama wengine.

Na Kiingereza nacho kinanichosha. Lugha gani inaita ng'ombe elfu kwa neno lisilo na mkia wa wengi, halafu inadai kitendo kijue chenyewe kwamba ni wengi? Hapa kwetu tunasema "watu imekuja," "ng'ombe imepotea," mtu wa pwani anashika kichwa, lakini sisi tunajua ni nani amekuja na tunaenda kutafuta ng'ombe. Hata hivyo nimeuliza, nimeuliza hasa, kwa yule mama na kwa mwalimu mwingine hapa Lodwar. Ni cattle are. Waambieni watoto wa Lorugum. Wimbo wao uendelee, ila hapo wabadilishe, na wakiuliza kwa nini, waambieni mjomba alikosea.

Nafasi yako bado iko. Mwalimu mkuu amesema kwa mdomo wake kwamba hawajapata mtu, na kwamba Nyandeng amemuuliza zaidi ya mara moja yule mwalimu wa jerikani atarudi lini. Umesikia? Mtoto uliyemkalisha chini ndiye anayekuulizia. Siku yoyote ya juma, kabla ya saa mbili, mama huyo yuko ofisini. Hataki maelezo marefu.

Sitakupigia kujua kama umeenda. Mama yako nimemkataza asiulize. Kama utabaki dukani, mzee yule anaonekana mtu mzuri, na kitambaa nacho ni kazi. Lakini usikae pale kwa sababu yangu, maana sababu hiyo ni ya kipumbavu na imetoka kwa mtu wa darasa la sita.

Ukienda, Nyandeng anakaa dawati la pili upande wa dirisha. Mwombe radhi kwa Kiswahili, usijifiche kwenye Kiingereza. Halafu muulize ng'ombe wao walikuwa na rangi gani, na yule aliyeongoza kundi aliitwa nani. Usimwongoze. Nyamaza, umwache aseme mpaka amalize.

Nakuacha hapo, mpwa. Kula vizuri, jua la Kakuma halina huruma.

Ni mimi, ndugu ya mama yako,
Mjomba